Barua ya Septemba: askofu wa Harare aliyetaka kuondoka na dayosisi

Tarehe 21 Septemba 2007 Nolbert Kunonga, askofu wa Kianglikana wa Harare, alimwandikia barua askofu mkuu wake, Bernard Malango wa Malawi. Alimjulisha kwamba Dayosisi ya Harare imejitoa katika Jimbo la Afrika ya Kati, yaani umoja wa dayosisi zilizo chini ya askofu mkuu huyo. Kesi zilizozaliwa na barua hiyo zilizunguka mahakama za Zimbabwe kwa miaka mitano, zikapita mikononi mwa majaji kadhaa, zikatoa amri zinazogongana, na watu wakapigwa virungu kwa sababu yake. Ukizipanga kwa tarehe, unaona zote zinarudi kwenye swali moja: barua ile ilimtoa nani? Ilitoa dayosisi, au ilimtoa aliyeiandika?

Nakipenda kisa hiki, kama mtu anaweza kupenda kisa cha namna hii, kwa sababu kinatenganisha mambo ambayo huku kwetu tunayapika chungu kimoja. Ukizuka mgogoro wa askofu au mchungaji kiongozi, waumini hukusanyika nje ya kanisa wakisema huyu ni mla fedha, huyu kaletwa na wanasiasa, yule ni wa kabila fulani. Pengine ni kweli tupu. Lakini siku ya kesi jaji anafungua katiba ya kanisa, na wengi wa waliokuwa wakipiga kelele hawajawahi kuisoma.

Kanisa lenyewe limejengwaje

Jimbo la Afrika ya Kati liliundwa mwaka 1955. Wakati wa kisa hiki lilishika nchi nne: Zimbabwe, Zambia, Malawi na Botswana. Msomaji wa Zanzibar au Tanga ana undugu nalo wa mbali. Wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walioanza Magomero, Malawi, mwaka 1861 na kushindwa na homa na vita, ndio waliohamia Unguja miaka michache baadaye na kujenga kanisa kuu la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa. Upande wa Malawi wa jimbo hili na Waanglikana wa pwani yetu wamenyonya ziwa moja. Harare ina historia nyingine: Uanglikana uliingia huko sambamba na walowezi wa mwaka 1890, na kanisa kuu la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote, kazi ya msanifu Herbert Baker, linatazamana na bustani ambayo zamani iliitwa Cecil Square na leo inaitwa Africa Unity Square. Bunge wakati wa kisa hiki lilikuwa jirani. Historia hiyo Kunonga aliijua kuitumia. Aliposhika kanisa kuu aliondoa ukutani vibao vya kuwakumbuka askari wa kikoloni, na sidhani kuna Mzimbabwe mweusi aliyevililia.

Katika jimbo hili dayosisi haimchagui askofu wake peke yake ikamaliza. Kuna baraza la uchaguzi lenye wajumbe wa dayosisi na wa jimbo, kisha maaskofu wenzake hukaa kuthibitisha. Maana yake ni kwamba kiti cha askofu kina miguu miwili, mmoja nyumbani na mwingine jimboni. Ukikata mguu mmoja, hukai.

Kunonga alipita mlango huo mwaka 2001. Alikuwa amerudi kutoka Marekani alikosoma na kuishi kwa miaka kadhaa, na uchaguzi wake ulikuwa na manung'uniko tangu siku ya kwanza. Hata hivyo alichaguliwa, akathibitishwa, akawekwa wakfu. Hilo tulishike vizuri, maana baadaye wapinzani wake wengi walitaka kurudi nyuma na kusema hakuwa askofu halali tangu mwanzo. Mahakama haikuhitaji hoja hiyo hata kidogo, na ingewapotezea muda.

Kilichofuata kinajulikana. Alimsifu Robert Mugabe hadharani, akapata shamba nje ya Harare katika ugawaji wa ardhi za walowezi, akaingizwa kwenye orodha za vikwazo za Marekani na Ulaya. Mapadri waliompinga walihama, wengine nje ya nchi.

Mwaka 2005, nafasi iliyopotea

Kanisa lilikuwa na njia yake ya ndani, nayo ilijaribiwa. Mwaka 2005 iliundwa mahakama ya kanisa kusikiliza mashtaka 38 dhidi ya Kunonga, mengine mazito kabisa, likiwamo la kuchochea mauaji. Yeye aliyakana yote. Jaji James Kalaile wa Malawi ndiye aliyekaa kitini. Mwezi Agosti shauri lilivurugika, jaji akajiondoa, na ilipofika Desemba Askofu Mkuu Malango akalifunga. Hakuna hukumu iliyotoka, ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha.

Majira yaleyale, jimbo lilikuwa na shauri jingine mkononi. Dayosisi ya Ziwa Malawi ilimchagua Nicholas Henderson, kasisi wa London, kuwa askofu wao. Maaskofu walipokaa kuthibitisha, mwishoni mwa 2005, wakamkataa kwa hoja kwamba imani yake si timamu, kwa sababu ya uhusiano wake na chama cha Waanglikana wenye mrengo huria. Waumini waliomchagua wakakasirika, makanisa yakafungwa kwa makufuli, mambo yakafika mahakamani, na kiti kikakaa bila askofu kwa miaka.

Naliweka shauri la Ziwa Malawi hapa makusudi. Miaka miwili baadaye Kunonga alisema anajitoa kwa sababu jimbo linawakumbatia maaskofu wanaounga mkono ushoga. Jimbo lipi? Hilo lililomkataa mtu aliyekwisha kuchaguliwa, kwa sababu tu lilimwona ni mlegevu? Mafundisho ya jimbo kuhusu ndoa hayakuwa yamebadilika hata nukta. Kunonga alitaja ugomvi uliokuwa ukiwaka kweli kati ya Waafrika wengi na kanisa la Marekani, akauleta Harare ambako haukuwapo.

Barua

Agosti 2007 ilikaa sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Dayosisi ya Harare na suala la ushoga likazungumzwa. Septemba ikaandikwa barua. Elson Jakazi, askofu wa Manicaland, dayosisi ya mashariki mwa Zimbabwe, naye akaandika ya kwake siku chache baadaye.

Hapa ndipo palipo na mafuta ya kisa chote. Mwandishi wa barua angeweza kufanya mambo mawili. La kwanza, kubaki ndani akapigana: apeleke hoja sinodi ya jimbo, aombe katiba ibadilishwe, aombe Zimbabwe iruhusiwe kuwa jimbo lake. Wazo hilo la mwisho halikuwa la ajabu, maana ndivyo majimbo yanavyozaliwa. Tanzania na Kenya zilikuwa jimbo moja la Afrika Mashariki hadi 1970, zikagawana kwa utaratibu. La pili ni kuondoka, na kila Mkristo ana haki ya kuondoka. Kunonga alitaka la tatu, ambalo halimo: kuondoka huku akiwa amebaki. Aache kuwa chini ya askofu mkuu lakini aendelee kuwa askofu wa Harare, mwenye nyumba ya askofu, magari, akaunti benki, shule na hospitali zote, kwa cheo alichopewa na jimbo lilelile alilolikana.

Jimbo lilijibu kwa ujanja mkubwa wa kisheria, sijui kama kwa kukusudia. Badala ya kumfukuza, lilimpokelea barua. Albert Chama, askofu wa Zambia Kaskazini, aliyekuwa akikaimu uongozi wa jimbo baada ya Malango kustaafu, aliandika Oktoba kwamba kwa barua hiyo uhusiano umekatika na kiti cha Harare kiko wazi. Desemba akaletwa Sebastian Bakare, askofu mstaafu wa Manicaland, kukishikilia.

Angalia tofauti. Kama jimbo lingemfukuza, lingelazimika kuthibitisha kosa, kumpa nafasi ya kujitetea, kufuata kila hatua ya nidhamu, na tumeona 2005 jinsi ilivyoshindikana. Kwa kusema "umejitoa mwenyewe", mzigo wa kuthibitisha ukahama. Hakukuwa na haja ya shahidi wala ya mashtaka 38. Palikuwa na karatasi moja yenye sahihi yake.

Kunonga akaongeza jingine lililozidi kumfunga. Januari 2008 alisimikwa kuwa askofu mkuu wa "Jimbo la Anglikana la Zimbabwe", chombo alichokiunda mwenyewe. Baada ya hapo, kusema bado ni askofu wa dayosisi iliyo ndani ya Jimbo la Afrika ya Kati kukawa kugumu kwelikweli. Mwaka huohuo jimbo lilimtenga na ushirika.

Miaka ya amri za muda

Kama kisa kingekuwa cha sheria tupu, kingeisha hapo. Lakini katikati ya barua na hukumu kuna miaka mitano, na mateso yote yako humo.

Mara ya kwanza pande mbili zilipokutana kwa uzito ni Januari 2008 mbele ya Rita Makarau, Jaji Kiongozi wa Mahakama Kuu. Aliona mgogoro mkubwa utachukua muda, akaamuru kwa wakati huo pande zote mbili zitumie makanisa kwa zamu, kila upande na saa zake za ibada. Kwenye karatasi ni busara ya Suleimani. Kwenye viti vya kanisa kuu ilikuwa kuwaambia wake wenza wapike jiko moja. Wafuasi wa Bakare, waliokuwa wengi mno kuliko wa Kunonga, walikuta milango imefungwa au polisi wakiwasubiri. Jumapili kadhaa za mwaka 2008, mwaka wa uchaguzi wenye damu, polisi wa kuzuia fujo waliingia makanisani katikati ya ibada, wakawatoa watu kwa virungu na mabomu ya machozi, akina mama wa Umoja wa Akina Mama wakiwa na sare zao. Amri ya mahakama ilikuwa imesema mgawane. Polisi waliisoma kwa jicho moja.

Mei 2009 upande wa jimbo ulimchagua Chad Gandiya kuwa askofu wa Harare, akawekwa wakfu Julai. Mwezi huohuo Jaji Ben Hlatshwayo wa Mahakama Kuu akatoa uamuzi uliokipa ushindi kikundi cha wadhamini wa Kunonga kama wenye mamlaka juu ya mali. Kumbuka jina la kesi ilivyoandikwa baadaye kwenye rufaa: Kanisa la Jimbo la Afrika ya Kati dhidi ya Wadhamini wa Dayosisi ya Harare. Yaani kanisa linashtakiana na wadhamini wake! Bodi ya wadhamini ndiyo jina lililo kwenye hati za viwanja, na Kunonga alikuwa na watu waliojiita kwa jina hilo. Pembeni kulikuwa na wengine wenye jina hilohilo, upande wa jimbo. Anayeshika jina anashika ardhi.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wasomaji wa Tanzania. Mali za makanisa yetu nyingi ziko kwa wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganiko wa Wadhamini, Sura ya 318, na daftari lake liko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mkutano mkuu ukishabadilisha viongozi, watu hushangilia, hula wali, hurudi nyumbani, na hakuna anayekwenda kubadilisha majina ya wadhamini. Miaka saba baadaye ndipo wanagundua mwenye muhuri ni yule waliyemwondoa.

Turudi Harare. Jimbo lilikata rufaa, rufaa ikakaa. Agosti 2011 Jaji Mkuu Godfrey Chidyausiku, akiwa peke yake, alitoa uamuzi ulioacha mali chini ya Kunonga wakati rufaa inasubiri. Huo ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Kabla yake Gandiya na watu wake walikuwa wamepoteza makanisa; baada yake walipoteza nyumba za mapadri na usimamizi wa shule, hata kituo cha yatima cha Shearly Cripps kikavamiwa na walezi wake wakaondolewa. Waumini walisali kwenye mahema, chini ya miti, katika kumbi za kukodi na makanisa ya madhehebu mengine yaliyowafungulia milango. Hija ya kila Juni kwa Bernard Mizeki karibu na Marondera, katekista kutoka Msumbiji aliyeuawa 1896 na anayependwa na Waanglikana wa kusini kuliko mtakatifu yeyote, ikazuiwa. Wakawa wanakusanyika mahali pengine mjini Marondera.

Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Harare Oktoba 2011. Alihubiri mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi wa michezo, kwa sababu kanisa kuu halikuwa la kuingilika, kisha akamkabidhi Mugabe ikulu jalada lenye orodha ya maonevu. Picha ilizunguka dunia. Kwa upande wa kesi, sioni kilichobadilika siku hiyo.

Nimesikia wanasheria wakisema amri ya muda ni jambo dogo kwa kuwa haimalizi haki ya mtu. Waulize watoto wa kile kituo. Mtu aliyeingia shule ya msingi siku ya barua ya Kunonga alikuwa anakaribia kumaliza siku ya hukumu, na miaka yote hiyo dayosisi ilitawaliwa na karatasi zilizoandikwa "kwa sasa".

Hukumu

Ilitoka 19 Novemba 2012. Mahakama ya Juu, hukumu ikiandikwa na Naibu Jaji Mkuu Luke Malaba, iliukubali upande wa jimbo.

Aliyetarajia mahakama imhukumu Kunonga kwa siasa zake alikata tamaa. Hakuna hilo. Wala mahakama haikujitia kuamua nani ana imani safi kuhusu ndoa. Kazi hiyo si yake. Iliona kwamba kanisa, mbele ya sheria, ni chama cha hiari, na katiba na kanuni zake ni mkataba kati ya walio ndani. Jaji hafundishi dini, ila mkataba anaweza kuusoma, hasa mali inapogombewa. Na mkataba huu ulisemaje? Kwamba dayosisi ni kiungo cha jimbo. Jimbo ndilo linaloziunda dayosisi, na dayosisi haina mamlaka ya kujichomoa kwa azimio la sinodi yake, sembuse kwa barua ya askofu. Basi barua ya 21 Septemba haikuweza kuitoa Harare. Iliwatoa Kunonga na waliomfuata. Walikuwa na uhuru kamili wa kuondoka na kuanzisha kanisa lao, lakini mali iliyotolewa kwa kazi ya kanisa la zamani inabaki na kanisa hilo. Ukihama nyumba ya ukoo, huezui paa ukaondoka nalo.

Jakazi wa Manicaland alishindwa kwa njia iliyo nyembamba zaidi na, kwa maoni yangu, yenye funzo zaidi kwa makatibu wa dayosisi. Alijaribu kudai kwamba barua yake haikuwa ya kujiuzulu. Mahakama Kuu mwaka 2010 ilisema kujiuzulu ni tendo la upande mmoja. Ukishaandika na barua ikapokelewa, huhitaji kukubaliwa, wala huwezi kuirudisha mfukoni kwa sababu upepo umegeuka.

Kuna hoja moja ya upande wa Kunonga ambayo siwezi kuitupa. Alisema Wazimbabwe wana haki ya kuwa na kanisa lisiloongozwa kutoka nje ya mipaka yao, na kwamba makanisa mengi ya Afrika yalizaliwa kwa kuasi. Ni kweli. Lakini makanisa huru ya Kiafrika yaliyoasi yalianza chini ya miti, kwa ngoma na majoho ya kushonewa nyumbani, hayakuanza kwa kuwafukuza wengine kwenye nyumba za matofali. Kunonga aliomba heshima ya waasi na hati za wenye nyumba kwa pamoja.

Na jimbo nalo lisijione limeoga. Lingemaliza shauri la 2005 kwa hukumu, ya upande wowote, huenda barua ya 2007 isingeandikwa. Walifunga jalada wakidhani wamefunga mgogoro.

Jumapili ya 16 Desemba 2012 watu wa Gandiya walikusanyika Africa Unity Square, wakavuka barabara kwa maandamano na nyimbo, wakaingia kanisa kuu. Kwanza palifanyika ibada ya kulitakasa jengo, kisha misa. Juni iliyofuata walirudi pia Marondera, kwa Mizeki.